Mkamwana Aliyepiga Magoti

Pikipiki ya Boxer ilikata kona za Matema kwa kasi. Mbele yake Prado nyeupe ya mgombea ilitimua vumbi.

Felista hakuipoteza.

Kifaa kikakoroma sikioni, chini ya kilemba.

"Tai."

"Nakupata, Mkuu."

"Mtu wa wenye magendo yuko ndani ya msafara. Hatumjui. Anyelwisye asifike jukwaani Lyulilo akiwa hai, ndiyo amri aliyopewa."

"Mkutano saa ngapi?"

"Saa saba."

Ikakatika. Casio yake ilionyesha saa tano na robo.

Sasa sikia. Anyelwisye alikuwa akigombea ubunge, na aliahidi kuzifunga bandari bubu zote za ufukwe huu, kule magendo yanakoshushwa kwa mitumbwi. Miaka kumi kampeni zake ziliendeshwa na mama mmoja, Naomi, aliyejua kila mji na kila msiba. Mwaka huu akamwondoa kwa ujumbe wa simu. Ubaya wa Naomi ulikuwa mmoja tu: bwana akikosea, alimwambia. Nafasi yake akapewa Gelasius, mgeni mwenye tableti, hodari wa kuitikia ndiyo Mheshimiwa. Gelasius naye akaleta watu wake kumi na mmoja.

Basi wa kuuliza "huyu ni nani?" hakuwepo tena.

Felista aliacha pikipiki sokoni, akajitwika chungu cha Kikisi kama muuzaji yeyote. Ndani ya chungu kulikuwa na kitenge. Ndani ya kitenge, Glock.

Na Nelson alitembea ubavuni kwake.

Nelson alikuwa mwenzake kazini. Alikufa mwaka juzi kwa kikombe cha chai. Aliyeipika alikuwa amechunguzwa na Felista mwenyewe, aliyemwandikia: hana shida. Tangu siku hiyo marehemu hamwachi. Hasemi kitu. Kila penye kikombe huinama, ananusa.

Kwa mchungaji wa Lyulilo chai ilikuwa tayari uani. Felista alichangamka na akina mama wa jikoni, akasema ndaga, asante ya huku, akapewa kigoda. Wakamwambia yule mpishi mpya wa msafara ni Teddy, mke wa Gwamaka aliyeko mgodini Geita. Gelasius ndiye aliyemleta, na kila kijiji alitangaza kwamba mgombea ameajiri mkamwana wa Mzee Eliud wa Ngonga, damu yenu hii. Ndoa ina miaka miwili, walisema, na yote wameishi nyumba moja kule Geita.

Ila Mzee Eliud hakutarajiwa. Akaja kwa mguu, na fimbo yake, akaketi karibu na mgombea.

Gelasius alimnong'oneza Teddy.

Teddy akafuta mikono, akapita katikati ya ua, akapiga magoti. Akaushika mkono wa mzee kwa mikono yake miwili.

"Shikamoo, baba. Mkamwana wako ndiye mimi."

Mzee Eliud aliuchomoa mkono kama uliounguzwa. Akageukia ukutani.

Akina mama wa jikoni wakatazamana.

Gelasius alicheka peke yake, akasema dada yetu ana adabu sana. Anyelwisye, aliyezeekea Dar es Salaam, akacheka naye.

Kwetu mkamwana hamsogelei baba mkwe. Akimwona njiani huingia migombani, akajifunika uso. Siku hizi vijana wamelegeza, ndiyo, lakini kumshika mkono? Mke wa kutoka mbali naye hufundishwa hilo na mumewe kabla hajaonyeshwa kisima.

Huyu hakuwahi kuishi na mume wa huku hata wiki moja.

Felista akatazama chupa za chai. Kutoka ya bluu walimiminiwa wote. Nyekundu ilikuwa imewekwa kando, na Teddy sasa aliishika.

Akamimina kikombe kimoja tu, cha mgombea.

Nelson aliinama juu yake. Safari hii aliinua uso, akamkazia Felista macho.

Mkono wa Felista ulikuwa baridi kama samaki. Hata hivyo ulikiwahi kikombe inchi moja kutoka midomoni mwa mgombea.

"Samahani, Mheshimiwa. Mpishi aonje kwanza."

Teddy hakukipokea. Alimtazama Gelasius.

Kutazama kule kulitosha.

Gelasius alipeleka mkono kiunoni. Glock ilikuwa imeshatoka chunguni.

"Weka mikono mezani, kaka. Taratibu. Wazee wanakunywa chai."

Akaiweka. Makachero wawili waliojifanya wauza dagaa wakaingia na pingu, wakawafunga yeye na Teddy. Felista alimimina chai ile kwenye kichupa cha maabara, akakifunga.

Anyelwisye uso ulimgeuka rangi ya majivu. Akauliza ni nani aliyemletea watu hawa.

"Ni wewe, Mheshimiwa. Uliwachagua kwa sababu wanakusifu."

Anyelwisye alimpigia Naomi. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Wale kumi waliobaki walikuwa wameshapanda gari lao na kuondoka, wamevaa fulana zenye uso wake.

Saa saba ikafika.

Felista alikuwa ameshawasha Boxer aliposikia kipaza sauti kikikohoa kule jukwaani. Hakuna aliyemtambulisha mgombea. Hakuna ngoma.

"Mimi Anyelwisye," sauti ilisema, peke yake. "Aliyewaletea mwongo na kumwaibisha Mzee Eliud ni mimi."

Hakuna aliyepiga makofi. Mawimbi yalisikika.

Kisha bibi mmoja wa vyungu akasema, bila kupaza, "Endelea. Tunasikia."

Felista akaingiza gia.