Kundi la Saba

Saa moja na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumanne, Asaad alizima mashine zote tatu za CNC, zinazochonga mbao kwa kompyuta, akampigia simu Bi Masouda.

"Mama, visanduku thelathini vimetoboka chini. Vyote. Ukikitazama kimoja unaiona sakafu."

Bi Masouda alikuwa nyumbani, mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, mwezi wa tatu wa eda. Karakana ya marehemu mumewe, Musallam, ilikuwa mtaa mwingine, Mawaleh, na tangu mazishi hakuikanyaga. Aliiendesha kwa kompyuta iliyokaa juu ya meza ya chai. Humo mlikuwa na programu waliyoiita Foleni, iliyogawa kazi kwa makundi: mashine za CNC zichonge visanduku, za leza ziandike majina ya wageni kwenye vifuniko. Oda ilikuwa ya harusi, visanduku mia mbili na kumi vya kuwekea udi, makundi saba ya thelathini thelathini, vyote vitoke Alhamisi kabla ya alasiri. Kaka yake, Taimur, alishasema mbele ya jamaa: kazi hii ikitoka salama, karakana itabaki mikononi mwa Masouda. Ikiharibika, mashine zinauzwa.

"Usitupe hata kimoja," alisema, akafungua Foleni.

Kosa lilikuwa wazi. Unene wa ubao ulikuwa milimita ishirini. Mtu ameandika ishirini na sita, na mashine zikachimba sita zaidi. Badiliko lilifanywa saa kumi na moja na dakika hamsini alfajiri. Mbele yake pameandikwa: Idhini, Musallam.

Alilitazama jina lile kwa muda. Wenye idhini walikuwa wawili tu, yeye na mumewe. Kila alipotaka kuliondoa jina la Musallam, programu ilimuuliza, "Una hakika unataka kumfuta Musallam?" Naye hufunga kompyuta.

Dakika ileile, idhini ileile ilikuwa imefanya jambo la pili. Makundi sita yalipewa unene mpya. Kundi la saba halikuguswa, ila lilisimamishwa, lisiende mashine yoyote.

Alimpigia tena Asaad.

"Ulipoona jina la marehemu hukushtuka?"

"Nilishtuka, mama. Kisha nikasema, labda leo umeingia kwa jina lake. Nikuulize nini, na uko kwenye msiba? Nikapakia mbao, nikabonyeza kitufe."

"Neno lake la siri unalijua?"

"Nalijua. Limebandikwa kwenye kabati la zana miaka minne. Hata muuza chai analijua."

"Na kundi la saba? Mbao zake zina nini?"

"Msaji, kama zingine. Zilipopasuliwa nilikuwa likizo Tanga. Nimerudi nimezikuta zimepangwa ukutani." Akaongeza, "Mama, kama ni mimi unanishuku, niambie. Nina watoto."

"Nnauliza tu, Asaad. Kanunue mbao nyingine Wadi Kabir."

Saa tatu Taimur alifika na halwa mkononi. Alisikiliza kisa chote huku akitafuna.

"Basi, dada. Mungu ameamua. Tuuze."

"Alfajiri ulikuwa wapi, Taimur?"

"Msikitini, halafu kitandani. Unanishuku mimi? Mimi simu hii nnapigiwa tu, hata picha sijui kuituma!"

"Ungekuwa wewe, kundi la saba ungelisimamisha au ungelipeleka mashine?"

"Kundi la nini?"

"La mbao."

"Mbao ni mbao, Masouda. Zikichongwa, zikiungua, mbao tu."

Alipoondoka, Bi Masouda aliitazama tena Foleni. Aliyefanya haya alitaka kazi iharibike, lakini hakutaka mbao zile thelathini ziharibike. Foleni haikusema ni kwa nini zina thamani. Asaad hakujua. Taimur hakujali. Yeye alijua kwa sababu Musallam siku moja alirudi nyumbani na vumbi la mbao kwenye nyusi, akasema huku akicheka kwamba amezipasua mwenyewe kwa msumeno, kama zamani. Wiki iliyofuata akalazwa.

Baada ya adhuhuri alimwita mwanawe, Humam, wa miaka kumi na tisa.

"Mwanangu, zile mbao za kundi la saba nani alizipasua?"

"Baba."

"Peke yake?"

"Mimi nilishika upande wa pili." Alipokwisha kusema, akaiona kompyuta iliyo wazi.

"Wanaojua hilo ni mimi na wewe," Bi Masouda alisema. "Mimi sikuamka kuharibu kazi yangu."

Humam alikaa chini, mgongo ukutani. "Sikuweza kuzitoboa zile, mama."

"Nimeona. Na hizi nyingine?"

"Nimepata nafasi chuo cha uuguzi, Salalah. Mwezi ujao. Watu wote wanasema eda ikiisha, Humam atasimama pale pa baba yake. Nikaona zikiuzwa mashine, sitahitaji kukwambia sitaki."

"Uuguzi?"

"Wiki tatu nilizokaa naye hospitali. Pale ndipo nilipojua."

"Asaad karibu alie kwenye simu. Alidhani atafukuzwa."

"Nitamwambia mwenyewe."

"Utamwambia, kisha utapakia mbao naye mpaka Alhamisi. Ukimaliza, nenda Salalah. Karakana sikuishika ili nikufunge, mwanangu. Nimeishika kwa sababu nnaitaka mimi."

Humam aliondoka kwenda Mawaleh. Bi Masouda alirudisha unene kuwa ishirini. Kisha akaenda kwenye orodha ya majina. Programu ikauliza kama ana hakika. Safari hii hakufunga kompyuta. Akabonyeza ndiyo.

Saa tisa kasoro robo simu iliita.

"Mama," Asaad alisema, "Humam yuko hapa, ameniambia. Yameisha. Lakini kundi la saba limefunguliwa, na jina la idhini limebadilika. Nisubiri?"

"Usisubiri," alisema. "Ni mimi. Washa."