Karafuu Kwenye Pengo

"Nani alikuwekea karafuu?" daktari wa meno aliuliza, koleo mkononi, gego la mwisho la mgonjwa wake likidondosha damu kwenye bakuli.

Asali angejibu kama angeweza, lakini nusu ya uso wake ilikuwa imekufa ganzi na ulimi umelala tu mdomoni. Alitikisa kichwa. Hakuweka karafuu. Alikuwa amejiandaa kama alivyoagizwa: alipigwa picha ya taya, akameza dawa zote za kukausha usaha, akaacha sigara huku akinung'unika, akapiga mswaki asubuhi hadi fizi zikamwomba msamaha. Daktari alinusa tena, akakunja uso, akasema labda ni dawa ya kusuuzia.

Asali aliijua ile harufu. Karafuu iliyotafunwa, na nyuma yake waya ulioungua. Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akinuka hivyo, naye walikuwa wamemzika mwaka jana.

Tumjue kwanza huyu bwana kabla hajaanza kutetemeka. Alikuwa mshereheshaji wa harusi, na jina la Asali alipewa kwa ajili ya mdomo wake. Alimsifia bibi harusi mpaka shangazi aliyenuna akatoa chozi. Mdomo ule ulimjengea nyumba, ukamwoza, na siku alipostahili kuumbuka, ukamwokoa. Mitambo yake ya sauti ilifungwa na shemeji yake, mdogo wa mkewe, mtu mpole waliyemwita Waya. Mke wa Asali ndiye aliyemlea Waya tangu mama yao alipofariki. Alimbeba mgongoni yeye mwenyewe akiwa bado mtoto.

"Ng'ata hii pamba," daktari alisema. "Usiteme, usinywe kwa mrija, usisuuze mpaka kesho. Damu ikiganda pale shimoni ndiyo kifuniko chako. Ikibanduka, utajuta. Na wewe nakujua, bwana. Leo funga mdomo."

Nyumbani mkewe alikuwa ameshaandaa kila kitu: mito miwili ya kuinulia kichwa, barafu iliyofungwa kitambaani, uji mwepesi uliopoa. "Pole baba," alimwambia, akimkanda shavu taratibu. "Jino la akili limetoka. Ila usihofu, hakuna atakayeona tofauti." Asali alitaka kucheka, akashindwa. Alimpenda sana mwanamke yule, na ndiyo maana alikuwa akimwogopa.

Ganzi ilipoanza kuisha, pengo liliongea.

"Shemeji."

Haikutoka nje. Ilitoka ndani ya taya, ikapanda kwenye mfupa hadi sikioni, ndogo na yenye kukwaruza.

"Shemeji, siwezi kumeza."

Maneno yale yale. Waya aliyasema mwaka jana, nyuma ya spika, shavu limevimba, mdomo haufunguki, karafuu imejaa kinywani kutuliza maumivu ya gego. Aliomba apelekwe hospitali. Asali alikuwa na funguo za gari mfukoni na ukumbi uliojaa watu mbele yake, na nani mwingine angemwendeshea mitambo? "Maliza sherehe kwanza," alimwambia. "Jino haliui mtu." Usaha ukashuka shingoni, koo likaziba, na Waya akafa palepale kwenye nyaya zake huku watu wakicheza. Kwa mkewe Asali alikuja na mdomo wake mtamu: hakuniambia kitu, alianguka tu ghafla. Mke akaamini. Mwaka mzima amekuwa akijilaumu yeye kwa kutouona ugonjwa wa mdogo wake, na Asali amekuwa akimfuta machozi.

"Mwambie dada," pengo lilisema.

Asali alikandamiza pamba kwa jino la juu mpaka akaona nyota.

"Mwambie wewe, au nitamwambia mimi."

Kesho yake mchana harufu ilikuwa imejaa nyumba nzima. Mkewe alisimama mlangoni mwa jikoni, mkono kifuani. "Mbona kunanukia karafuu?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Mimi sijanunua karafuu tangu msiba." Asali aliugeukia ukuta. Hata hapo angeweza kusema. Hakusema, mwoga yule.

Badala yake alingoja mkewe arudi jikoni kuchemsha maji ya chumvi, akajikokota hadi chumba cha mitambo. Kulikuwa na harusi Jumamosi. Alijiambia kwamba sauti ile ni dawa za maumivu tu, kwamba akijisikia mwenyewe kwenye spika, sauti yake halisi, yote yataisha. Washereheshaji wote ndivyo walivyo. Hawaamini kwamba wapo hai mpaka wajisikie kwenye spika. Aliwasha mtambo, akasogeza kipaza sauti mdomoni, akafanya kama alivyofanya kabla ya kila harusi.

"Moja, mbili."

Alisahau kwamba katika kila harusi kulikuwa na mtu wa kumjibu kutoka nyuma ya spika.

"Tatu," spika zikasema.

Alitaka kuzima lakini vidole havikumtii, na mdomo wake ukafunguka wenyewe, ukafunguka zaidi ya ulivyoruhusiwa na kidonda, na kifuniko cha damu kikabanduka, na kutoka katika shimo lile sauti iliyokuwa mnong'ono mfupani sasa ikapita kwenye kipaza sauti na kwenye nyaya ambazo Waya mwenyewe alizifunga kwa mikono yake, ikajaa chumba, ikajaa sebule, ikafika jikoni kwenye sufuria ya maji ya chumvi, ikisema dada, nilimwomba, dada, nilimshika shati nikamwambia siwezi kumeza, na funguo zilikuwa mfukoni mwake nazisikia zikilia, akaniambia maliza sherehe kwanza, jino haliui mtu, akarudi kuwachekesha watu, nami nikafa nikimsikia.

Asali aliziba mdomo kwa mikono yote miwili. Sauti ilipita puani.

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha maji ya chumvi. Hakupiga kelele. Alikiweka kikombe chini.

"Endelea, mdogo wangu," alisema. "Nakusikia."

Jumamosi ikapita bila mshereheshaji. Shavu lilivimba, taya likakaza, mate yakawa yanachuruzika kwenye mto wa kulalia kwa kushindwa kumezwa. Daktari alikagua, akakagua tena, akasema kidonda ni safi na haoni ugonjwa wowote. Basi mama yake Asali akamleta mganga. Mzee yule alifukiza ubani, akanusa mdomo wa mgonjwa, akauzima ubani wake mwenyewe.

"Huyu si jini wa kutumwa," alisema. "Ni marehemu mwenye haki yake. Mimi simwezi. Ataondoka akiambiwa na aliyemlea: nenda, nimekuruhusu. Basi, maneno hayo tu."

Wote wakamgeukia mke. Asali aliteleza kutoka kitandani, akamshika upindo wa gauni. Mdomo uliowahi kuliza kumbi nzima sasa ulipitisha maneno kama uzi kwenye sindano.

"Mke wangu. Nakuomba. Siwezi kumeza."

Mkewe alimwinua, akamlaza vizuri, akampangia mito, akamfuta mate kwa kitambaa safi. Mkono wake ulikuwa mwepesi kama siku ile ya kwanza.

"Maliza sherehe kwanza," alimwambia. "Jino haliui mtu."

Akamshukuru mganga, akamsindikiza pamoja na mama mkwe hadi nje, akafunga mlango. Kisha akavuta kiti karibu na kitanda, akainamisha sikio mpaka likagusa shavu la mumewe, na uso wake, kwa mara ya kwanza tangu msiba, ukachangamka.

"Moja, mbili," alinong'ona.

"Tatu, dada."