Ngazi za Ghorofa

"Atakayezikanyaga ni nani?" Fundi aliuliza. Hakunyanyua kichwa, macho yalikuwa kwenye boksi la vifaa.

"Abiria," Dereva akajibu.

"Abiria gani? Mrefu, mfupi?"

"Mfupi kidogo. Na hapendi kurukaruka."

"Mwanamke?"

Dereva akakohoa. "Mwanamke."

Fundi akalifunga boksi kwa nguvu zaidi kuliko lilivyohitaji. Ndani yake zilikuwamo ngazi mbili za pembeni, zile za umeme: ukifungua mlango zinashuka zenyewe, ukiufunga zinajikunja na kurudi chini ya gari. Na gari la Dereva lilizihitaji kweli. Lilinyanyuliwa springi ili lipite mabondeni likiwabeba wapima ardhi, likawa refu hivi kwamba gereji nzima waliliita Ghorofa.

"Nitazifunga," Fundi akasema. "Lakini utaratibu wangu unaujua. Sikabidhi gari mpaka mwenye miguu aje azikanyage hapa hapa, mimi nikiona. Huyo mgeni wako mheshimiwa utamleta."

"Nitamleta."

"Basi niachie ufunguo uende."

Dereva aliuweka juu ya meza badala ya kumpa mkononi, maana mkono Fundi hakuunyoosha. Akasimama kidogo kama mtu aliyesahau kitu, kisha akatoka zake kwa miguu.

Mpiga rangi, ambaye kazi yake kubwa pale gereji ilikuwa rangi na ya pili umbea, alishusha kitambaa alichojifunga puani.

"Shemeji kakonda," akasema.

"Shemeji yako na nani?"

"Wangu mimi. Wewe si ulishajitoa?"

"Endelea na rangi yako."

"Miezi minane, Fundi! Hata salamu?"

"Nimemsalimia. Nimemwambia aache ufunguo."

Habari yenyewe ilikuwa fupi na yenye aibu. Miezi minane iliyopita Dereva alikuwa aje nyumbani kwa kina Fundi, yeye na mjomba wake, kujitambulisha. Saa nne asubuhi, ndivyo walivyokubaliana. Viti vikaazimwa kwa majirani, wajomba watatu wakaketi na makoti yao. Saa nne ikapita, saa sita ikapita, vyakula vikapoa. Simu ikaja saa kumi jioni, sauti inakatikakatika: "Gari limetuzimikia njiani tangu asubuhi. Huku hakuna mtandao, nimepanda mlima ndiyo nakupata."

Na Fundi, akiwa amesimama katikati ya wajomba wenye njaa, alimjibu maneno ambayo mpaka leo gereji wanayakumbuka, maana kesho yake aliyarudia pale kwa sauti: "Waya za gari hilo nimezifunga mimi. Waya zangu hazizimi njiani. Tafuta uongo mwingine!"

Akakata. Akaifungia namba. Basi, mapenzi ya miaka mitatu yakaishia hapo.

"Mwanamume ninayemheshimu mimi," Fundi alimwambia mpiga rangi huku akiingia chini ya Ghorofa na spana, "ni yule dereva wa teksi wa mama. Kila Jumanne na Ijumaa anampeleka kliniki ya goti, anamsubiri, anamrudisha mpaka mlangoni. Sijawahi kumwona, mimi saa hizo niko huku, lakini kila mara namtumia salamu na shukrani. Huyo ndiye mtu. Siyo watu wa kupanda milima kutafuta mtandao."

"Huyo wa teksi ana mke?"

"Rangi yako inakauka vibaya."

Siku hiyo alifunga vishikizo vyote vinne kwenye chasisi, akakaza nati, akaning'iniza ngazi na kuzijaribu kwa mkono. Kazi ikaenda vizuri. Hasira huwa inampa mkono mzuri, mwenyewe anajua. Lakini kila alipokaza nati alimwona huyo mwanamke mfupi asiyependa kurukaruka, anakanyaga taratibu, anashikwa kiwiko. Akajiambia haimhusu. Ilimhusu mno, moyo ukamuuma hasa, na alipofika nyumbani alikula nusu sahani akasema ana usingizi.

Kesho yake ikabaki kazi ya waya. Ili kuzipitisha kutoka kwenye betri mpaka milangoni ilibidi afungue kizingiti cha mlango wa kushoto, ile plastiki ndefu unayoivuka kwa mguu unapopanda. Akaibandua, akakunja zulia.

Akakutana na kazi yake mwenyewe.

Aliijua kwa uzi wa bluu. Fundi hufunga waya zake kwa uzi wa bluu, mafundo mawili, hakuna mwingine anayefanya hivyo. Hizi ndizo waya za pampu ya mafuta alizozibadilisha mwenyewe siku mbili kabla ya ile siku. Akaufuata uzi kwa kidole mpaka kwenye skrubu ya ethi, pale waya unaporudisha umeme kwenye bodi ya gari.

Kichwa cha ule waya kilikuwa cheusi, kimeungua. Pembeni yake mtu mwingine alikuwa amevuta waya mpya wa rangi isiyofanana, kauzungushia utepe ovyo ovyo, kautia skrubu ya kuokoteza. Kazi mbaya. Ila chini ya hiyo skrubu mbaya rangi ilikwanguliwa mpaka chuma kinang'aa.

Akaifungua skrubu yake. Chini yake rangi ilikuwa nzima, nyeupe, safi kabisa.

Hakuikwangua. Jambo la kwanza analofundishwa kila anayeshika waya wa gari: ethi haikai juu ya rangi, kwangua kwanza. Yeye mwenyewe ameliimba miaka kumi na mbili. Siku ya kuzifunga alikuwa na haraka ya kwenda kuazima viti, akasema atarudi kuikwangua, hakurudi. Waya ukashika kidogo kidogo kwenye nyuzi za skrubu, ukapata moto, ukaungua, na pampu ikanyamaza. Gari likazimika njiani.

"Mpiga rangi," aliita polepole.

"Naam."

"Hakuna. Endelea."

Alikaa kwenye zulia lililokunjwa. Akili ikamwambia: sawa, hakudanganya, lakini sasa ana mtu wake, umechelewa. Akaamua kumaliza kazi. Akainamisha kiti cha nyuma ili apitishe waya wa upande wa pili, na chini yake akaona kitu cha mbao kimefunikwa gunia safi.

Kigoda. Kigoda kifupi cha miguu mitatu, na mguu mmoja umekazwa kwa waya wa shaba, mizunguko saba imebanwa vizuri kwa koleo. Mizunguko hiyo aliifunga yeye, kwao, jikoni. Mama alisema kigoda hicho amekigawa.

Akapiga simu hapo hapo.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Mbona saa hizi?"

"Kigoda cha jikoni ulimpa nani?"

Mama akauliza, "Kipi?"

"Kile chenye waya, mama."

"Aa, kile. Nilimpa dereva wa teksi, ninakanyagia nikipanda. Gari lake refu."

"Teksi gani hiyo ina urefu wa kukanyagia kigoda?"

"Teksi ni nyingi siku hizi."

"Mama."

Mama akavuta pumzi. "Wiki moja baada ya siku ile Dereva wako alikuja kuniomba radhi, akanikuta naburuza mguu kwenda kituoni. Akasema, mama, panda. Tangu siku hiyo. Mimi ndiye niliyemkataza asikwambie. Nilisema kiburi cha mwanangu nakijua, nimekizaa mwenyewe, tukiache kipoe."

"Na zile salamu nilizokuwa natuma?"

"Zote nilizifikisha. Siku ya kwanza alicheka mpaka akasimamisha gari."

Fundi hakujua acheke au alie, akafanya vyote viwili, na simu ikiwa sikioni.

"Alikwambia kwa nini gari lilizimika?"

"Aliniambia ni bahati mbaya ya njia. Kwani lilikuwa na nini?"

"Nitakwambia kesho. Jiandae, unakuja gereji."

Alipomaliza kazi ya waya aliifungulia ile namba. Akaandika: "Kazi imeisha. Kesho saa nne mlete mama yangu aje akanyage ngazi zake."

Jibu likaja: "Umekuta kigoda."

Akaandika: "Nimekuta na ethi."

Saa nne kamili ya kesho yake waliingia gerejini, mama ameshika mkono wa Dereva, wanatembea mwendo wa goti. Mpiga rangi alipomtambua mama akaliacha gari la watu nusu bluu nusu kijivu, akasogea kuona.

"Karibuni," Fundi akasema. Akajifuta mikono kwenye ovaroli. "Kabla mama hajapanda nina neno. Na wewe mpiga rangi usijifanye unatafuta brashi, njoo usikie, maana lile la kwanza nililisema mbele yako."

"Fundi, si lazima," Dereva akasema taratibu.

"Ni lazima. Mama, gari halikuzimika kwa bahati mbaya ya njia. Mimi nilifunga ethi juu ya rangi. Kosa langu. Nikamwita mtu mwongo mbele ya wajomba, nikaja kumtangaza na hapa. Nimekosa. Nisamehe."

"Ulijua tangu lini?" Fundi akamuuliza Dereva.

"Siku ile ile. Fundi wa njiani alinionyesha."

"Kwa nini hukunirushia? Ungenipigia kwa simu ya mama, ungeniambia mpumbavu wee, ni waya wako!"

"Ulikuwa umeshaaibika mbele ya ndugu zako. Ningekuongezea na hiyo ya kazi? Kazi yako ndiyo heshima yako. Nikasema bora niitwe mwongo kwanza."

"Miezi minane?"

"Sikujua ingekuwa minane. Nilidhani wiki mbili." Akatabasamu kwa upande mmoja. "Halafu nikakumbuka ninashughulika na nani."

"Na mafundi wote hawa wa mjini, ngazi ukaniletea mimi."

"Atazikanyaga mama yako. Nimpe nani mwingine?" Akaangalia chini. "Na nilijua utafungua kile kizingiti. Nusu nilitaka uone, nusu niliogopa."

Mama akagonga ubavu wa gari kwa kiganja. "Goti langu halisubiri mazungumzo. Ngazi zenyewe ziko wapi?"

Fundi akacheka, akafungua mlango wa nyuma. Ngazi ikashuka bila kelele, ikasimama pale pale kilipokuwa kinafika kigoda. Alikuwa amekipima kwa futi mara tatu. Mama akaiangalia kwa mashaka, akaweka mguu wa kushoto, akavuta wa kulia, akajikuta ameketi.

"He! Kumbe ghorofa lenyewe lina adabu." Akajaribu tena, akashuka, akapanda. Hakushikwa kiwiko na mtu. Mara ya tatu ilikuwa ya kujionyesha tu.

"Mbona hukai mbele mama? Mbele ni pazuri zaidi," Fundi akamwambia.

"Mbele nimekatazwa."

"Na nani?"

"Na mwenye gari. Anasema kiti kina mwenyewe. Miezi minane nimekaa nyuma kama mzigo."

Fundi akamgeukia Dereva. Dereva akawa anaangalia matairi kwa makini, utafikiri yamewekwa leo.

"Mwenye miguu lazima akanyage kabla ya kukabidhi gari," Dereva akasema hatimaye. "Utaratibu si ni huo?"

Fundi akafungua mlango wa mbele. Viatu vyake vilikuwa na grisi, na viti vya Ghorofa huwa havipandwi na grisi. Akamwangalia.

"Panda hivyo hivyo," Dereva akamwambia.

Akapanda.

Wiki mbili baadaye, Jumamosi, viti viliazimwa tena kwa majirani wale wale, na wajomba watatu wakaketi na makoti yale yale. Safari hii mjomba mkubwa alikuwa ameshakunywa chai kwanza kwake, tahadhari. Fundi alikuwa amevaa gauni, lakini asubuhi kabla ya gauni alikwenda gerejini kuikagua ethi kwa mara ya nne. Rangi imekwanguliwa, chuma kinang'aa, uzi wa bluu mafundo mawili.

Saa tatu ujumbe ukaingia kwenye simu. "Tumetoka. Mjomba anauliza kama tumebeba maji ya kutosha kulala njiani."

Akajibu: "Mwambie waya nimefunga mimi." Akaifuta. Akaandika upya: "Mwambie ethi nimeikwangua."

Alisimama dirishani. Kila gari lililopita alilichungulia. Mpiga rangi, aliyealikwa kwa sababu angekuja tu hata bila kualikwa, alikuwa mlangoni anatangaza: "Siyo lenyewe. Siyo lenyewe. Hilo la maziwa."

Halafu akatengeneza kola ya shati.

Ghorofa likasimama mbele ya nyumba. Mlango ukafunguliwa, ngazi ikashuka, na mjomba wa Dereva, mzee mfupi aliyezoea kuliruka gari hilo kwa kulilaani, akaweka mguu hewani na kukuta pameshatandikwa pa kukanyagia. Akashuka polepole kama mgeni rasmi, akajifuta koti ambalo halikuwa na vumbi.

Dereva akaja nyuma yake. Alimwona Fundi dirishani, akasahau alichokuwa anambebea mjomba.

Mama alikuwa kizingitini, amesimama kwa goti lake. Akatazama saa ya ukutani, akamtazama mkwe.

"Saa nne kasoro robo," akasema. "Umechelewa miezi minane, lakini leo umewahi."

Fundi akatoka dirishani, akaja mlangoni kuwapokea, akawaambia waingie, chakula bado cha moto.