Kitatange wa Pete Nyeupe

Kila alasiri, akishatoka madrasa na kuvua buibui lake, Ummukulthum alikwenda moja kwa moja kwenye tangi la kioo lililokuwa sebuleni kwao, mtaani Kuze. Alihakikisha pampu inapuliza hewa, akaongeza maji matamu kidogo kwenye yale ya chumvi kufidia yaliyogeuka mvuke, kisha akakaa chini kutazama.

Tangi hilo alipewa na shangazi yake Swabaha, mtaalamu aliyechunguza samaki wa kwenye matumbawe. Halikuwa kubwa; mtu mzima angeweza kulikumbatia. Ndani mlikuwa na mawe, mchanga mweupe, na samaki wawili wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe, kila mmoja urefu wa kidole.

"Hawa wanatosha," shangazi alikuwa amemwambia. "Ukitaka kuongeza mwingine, niulize kwanza."

Jumamosi moja Ummukulthum alifuatana na Mwende, rafiki yake wa darasani aliyekaa Tononoka, hadi kwa Mzee Mung'aro, mpiga mbizi mwenye kibali cha kuvua na kuuza samaki wa mapambo. Nia yao ilikuwa kutazama tu. Lakini kwenye beseni la mwisho alikuwamo samaki mmoja aliyemfanya Ummukulthum asahau kupumua. Alikuwa wa buluu iliyokoza, karibu nyeusi, na mwilini mwake mlizunguka pete nyeupe, moja ndani ya nyingine, kama mawimbi ya jiwe lililotupwa kisimani.

"Huyo ni kitatange mchanga," alisema Mung'aro. "Nimemvua asubuhi hii. Tangi lako ni kubwa, binti?"

Mwende alimtazama rafiki yake.

"Ni kubwa, mzee," alijibu Ummukulthum, na akatoa pesa zake za sikukuu.

Jioni ile hakuacha kumwangalia. Kila kitatange alipogeuka, zile pete zilionekana kama zinazunguka. Ndugu zake waliitana kuja kumwona. Lakini kitatange hakugusa chakula, na kila samaki wa machungwa alipotokeza kwenye mawe, alimrukia.

Kesho yake Mwende alikuja kutembea. Aliinama mbele ya kioo.

"Ummu, mbona huyu mkia umechanika?"

Ni kweli. Samaki mmoja wa machungwa alikuwa amejibanza nyuma ya pampu, amelala ubavu, mapezi yakitikisika kwa shida. Kitatange naye alikwenda na kurudi, akigonga kioo kila alipofika mwisho wa tangi. Ummukulthum alichukua simu ya mamake akampigia shangazi.

Swabaha alipofika, mpwa wake alimwamkia macho yakiwa sakafuni.

"Shikamoo, shangazi. Sikukuuliza. Na Mzee Mung'aro nilimdanganya kuhusu tangi."

Shangazi hakumgombeza. Alichota maji kwa ndoo safi, akamtenga kitatange humo na kumwekea pampu ndogo ya akiba.

"Nimesikia," alisema. "Asubuhi tutakwenda kumwomba Mung'aro atupeleke alikomvua. Utamwambia ukweli mwenyewe."

Asubuhi alimwambia, ndoo ikiwa mkononi. Mung'aro alitikisa kichwa taratibu, kisha akawasha injini ya boti yake. Walipofika kwenye mwamba nje ya Nyali, bahari ilikuwa imetulia, maji maangavu. Shangazi alimvisha Ummukulthum miwani ya kuzamia, akamshika mabega, na msichana akaingiza uso majini.

Chini yake ulikuwako mji. Matumbawe yalipanda kama nyumba za ghorofa, yakashuka kwenye mabonde ambayo mwisho wake hakuuona. Makundi ya samaki yalipita kama vumbi la fedha, yakageuka kwa pamoja, yakapotea. Kisha kutoka pangoni akatoka samaki mpana kama sinia, mistari ya manjano na buluu ikiwaka ubavuni. Alipita polepole, kama mwenye nyumba anayekagua ua wake.

Ummukulthum aliinua kichwa, maji yakimtiririka. "Shangazi, yule ni nani?"

"Yule ni kitatange. Ni huyuhuyu wako akishakua. Pete zitaondoka, mistari itakuja, na mwamba wote ule ndio uwanja wake."

Msichana alitazama ndoo, akatazama bahari. Aliiinamisha ndoo mwenyewe, polepole. Zile pete nyeupe zilibaki kidogo karibu na mkono wake, halafu zikazama buluuni.

Wakati boti inarudi, Swabaha alimvuta karibu.

"Hukukosea kumpenda, mwanangu. Yeyote angempenda. Lakini uzuri wa kiumbe si ruhusa ya kumchukua. Kwanza uulize atakuwa na ukubwa gani, anakula nini, na ataishi na nani. Na ukiulizwa swali, sema kweli, kwa sababu uhai wa mwingine unategemea jibu lako."

Wiki chache baadaye mkia wa yule samaki wa machungwa ulikuwa umeota tena. Wote wawili walicheza mbele ya mawe bila woga.

"Bado pana nafasi," Mwende alisema, akionyesha upande uliokuwa wazi. "Utaongeza wa aina gani?"

Ummukulthum aliwatazama samaki wake wakikata maji upande ule, wakarudi tena.

"Hapana," alisema. "Limejaa."