"Mara Moja" ya Mzee Kufuli

Mama Cherehani alikuwa ameshona sare kumi na mbili za shule. Zilibaki nane. Chumba chake kilikuwa kimoja: kitanda nyuma ya pazia, ndoo ya maji kwenye kona, cherehani dirishani penye mwanga. Mumewe, fundi rangi, alicheleweshewa malipo mwezi huo. Kodi wakailipa tarehe kumi na saba badala ya tarehe saba. Lakini waliilipa yote, pamoja na faini.

Mlango ukagongwa. Alikuwa mwenye nyumba. Wapangaji walimwita Mzee Kufuli, kwa sababu alitembea na kufuli mfukoni kama wengine wanavyotembea na leso.

"Mama, kodi nimeipata. Faini je?"

"Si nilikupa, Baba? Elfu mbili, mkononi mwako."

"Hiyo ni ya siku moja. Umechelewa siku kumi. Bado elfu kumi na nane."

"Elfu kumi na nane! Na kodi yenyewe elfu thelathini?"

"Soma mkataba. Umeandikwa faini elfu mbili, mara moja. Yaani hapo hapo, kila siku unayochelewa. Usipolipa, Ijumaa nafunga mlango, na cherehani inabaki ndani."

Mama Cherehani alimwomba Mungu kimoyomoyo asimwache aaibike. Bila cherehani, sare zingelala, na watoto wake wangelala njaa.

Jioni mumewe alisema, "Tukope tulipe, yaishe."

"Hayataisha. Mwezi ujao atakuja na lingine. Mimi silipi."

Alichukua mkataba, akaenda chumba cha tatu kwa Bibi Karani. Bibi huyo alipiga taipu mahakamani miaka ishirini. Alivaa miwani yake iliyofungwa uzi, akasoma kwa sauti:

"'Mpangaji akipitisha tarehe saba, atalipa faini ya elfu mbili mara moja.' Haya, mwanangu. 'Mara moja' ina maana mbili. Ya kwanza, mara moja, si mara mbili. Ya pili, upesi, bila kuchelewa. Sasa nionyeshe 'kila siku' iko wapi."

"Haipo."

"Basi shika maana yoyote unayotaka, faini ni moja tu. Faini ambayo haimo kwenye mkataba usiilipe kabla ya kuuliza. Na mlango haufungwi kwa hasira za mtu. Akitaka kukutoa, apeleke shauri kwenye baraza la nyumba, na wewe usikilizwe. Risiti unazo?"

"Ya kodi ninayo. Ya faini hakunipa."

"Hapo ulikosea. Na kosa jingine: ulijua mtachelewa, ukanyamaza. Siku nyingine mwandikie mapema."

Ijumaa Mzee Kufuli alifika, kufuli mkononi. Akakuta cherehani imewekwa katikati ya mlango. Mama Cherehani alikuwa anashona, mguu haupumziki.

"Sogea nifunge."

"Funga, Baba. Lakini mimi sisogei." Akamnyooshea mkataba. "Nionyeshe neno 'kila siku'. Nikiliona, nakulipa sasa hivi."

Wapangaji walitoka vyumbani. Mzee Kufuli alisoma akifuata kwa kidole. Akarudia.

"Lakini mimi nilikusudia..."

"Uliyoyakusudia hukuyaandika. Mimi niliweka sahihi kwenye yaliyoandikwa. Kama hukuridhika, twende baraza la nyumba. Wewe, mimi na hilo kufuli lako."

"Na mimi nitakuwepo!" Bibi Karani aliitikia kutoka dirishani kwake.

Mzee Kufuli alitazama huku na huku. Akarudisha kufuli mfukoni. Kisha akaandika risiti ya elfu mbili, huku akinung'unika.

Sare zote ishirini zilikwisha kwa wakati, Mungu ashukuriwe. Mwezi uliofuata vyumba vyote sita viliweka sahihi kwenye mkataba mpya. Uliandikwa wazi: mwisho wa kodi ni tarehe saba, faini ni moja tu kwa mwezi, kila malipo yana risiti, anayeona atachelewa atoe taarifa mapema.

Siku moja Mzee Kufuli alikuja na suruali. Mfuko wake ulikuwa umetoboka kwa uzito wa lile kufuli.

"Mama, nishonee hii mara moja."

Mama Cherehani hakuinua kichwa.

"Mara moja ipi, Baba? Yako au yangu?"