Jenereta Si Ndama

Julai ya Nzuguni, hapa Dodoma, haina masihara. Upepo huanza kabla jua halijachomoza, nao huja na vumbi lake. Vumbi hilo hupita chini ya mlango, hukaa kwenye sufuria, huingia hadi masikioni. Ruthu alishalizoea. Baridi ndiyo iliyomtia wasiwasi. Alikuwa na vifaranga mia mbili wa siku tano, na kifaranga wa umri huo akipigwa na baridi haugui. Anakufa tu.

Vifaranga walikaa kwenye chumba kidogo uani, chini ya balbu nne. Kila asubuhi Ruthu aliwabadilishia maji na kuwawekea chakula kabla hajanywa chai. Mume wake, Elisha, ambaye ni fundi mwashi, alimtania.

"Mimi siku hizi nasalimiwa baada ya kuku."

Jumanne moja, saa mbili asubuhi, balbu zilizimika. Mafundi wa umeme walikuwa wamekuja kubadilisha nguzo iliyooza mtaani. Elisha alikuwa ameshakwenda kazini Ipagala. Ruthu hakubabaika, maana walikuwa na jenereta ndogo. Walikuwa pia na waya wenye plagi pande zote mbili. Plagi moja iliingia kwenye jenereta, nyingine kwenye soketi ya ukutani, na nyumba nzima iliwaka. Waliuona ni ujanja mkubwa.

Akaiburuta jenereta hadi katikati ya uwanja. Mara akatoka mama mkwe wake, Bibi Angelina, shuka mabegani. Alikuwa amekuja kutoka kijijini kuwaona wajukuu.

"Unaipeleka wapi hiyo?"

"Inakaa hapa nje, Mama."

"Kwenye vumbi lote hili? Sikiliza, mwanangu. Katika tembe letu, nyumba yetu ya udongo kule kijijini, ndama walilala ndani pamoja na sisi. Joto lao tuliliota sote. Hiki kidude chako kikiwaka kina joto kuliko ndama. Ukikiweka nje unamwotesha nani?"

Ruthu alicheka, lakini maneno yalimwingia. Injini isingekula vumbi. Vifaranga wangepata joto la balbu na joto la injini, yote kwa petroli ile ile. Basi akaiingiza jenereta kwenye chumba cha vifaranga. Akachomeka waya ukutani, akavuta kamba, ikanguruma. Akaziba chini ya mlango kwa gunia. Dirisha akaliacha wazi upana wa kiganja ili moshi utoke.

Bibi Angelina akaingia na kigoda chake na ungo wa karanga.

"Ina kelele, lakini joto lake zuri," alisema, akaanza kumenya.

Ruthu akaenda kufua. Baada ya nusu saa alirudi kuchungulia.

"Kichwa kinanigonga," Bibi alisema.

"Hujanywa chai, Mama. Ngoja nikuletee."

Alipoleta chai aliona vifaranga wametulia kimya, wamelala makundi makundi. Alifurahi. Alidhani wameshiba joto. Alipoinama kuweka kikombe chini, yeye mwenyewe alisikia kizunguzungu. Akadhani ni njaa, akarudi kwenye nguo zake.

Hakumaliza hata beseni la kwanza. Geti liligongwa kwa nguvu, akaingia jirani yake Rukaya, ambaye wote walimwita Mama Uwesu. Kazi yake ilikuwa kufunga umeme majumbani. Rukaya ni mtu wa salamu ndefu, atakuuliza hadi hali ya mbuzi. Siku hiyo hakusalimia.

"Mama Kefa, jenereta yenu inawaka?" alimuuliza Ruthu.

"Inawaka."

"Mmeichomeka wapi?"

"Kwenye soketi, kama siku zote."

"Zima! Fundi Filipo yuko juu ya nguzo. Laini imekatwa, lakini kapima kabla ya kushika, kakuta waya una umeme. Unatoka hapa kwenu! Iko wapi hiyo jenereta?"

"Iko ndani, kwa vifaranga. Iko na Mama."

"Iko na nani?"

Rukaya alikuwa ameshaanza kukimbia. Walipofungua mlango, hewa nzito ya moto iliwapiga usoni. Bibi Angelina alikuwa ameegemea ukuta, kidevu kifuani. Chai hakuigusa. Karanga zilikuwa zimemwagika miguuni pake.

Wakamshika makwapani, wakamvuta mpaka uwanjani. Rukaya alivuta pumzi moja ndefu, akaibana, akaingia tena mbio. Akaizima jenereta, akasukuma dirisha, akatoka.

"Mama! Mama!" Ruthu aliita. Elisha alikuwa ameondoka asubuhi akimwacha mama yake mzima. Sasa Ruthu angemwambia nini? Kwamba alitaka kumpa joto?

Upepo ule ule wa Julai ukampiga Bibi usoni. Akakohoa. Akafumbua jicho moja, kisha la pili.

"Mbona unanipigia kelele? Nakusikia."

Ruthu alilia na kucheka kwa pamoja. Alimkumbatia mama mkwe wake jinsi ambavyo hajawahi kumkumbatia.

"Twende hospitali," Rukaya alisema.

"Si ameamka?"

"Ameamka, lakini sumu bado iko kwenye damu. Na wewe utapimwa."

Waliita bajaji. Hospitalini Bibi alivalishwa kifaa cha hewa ya oksijeni. Ilipofika alasiri aliuliza karanga zake ziko wapi. Ruthu aliposikia hivyo alimshukuru Mungu kwa sauti, wodi nzima ikageuka kumtazama.

Elisha alikuwa amefika mbio, vumbi la saruji bado kichwani. Rukaya aliwakalisha kwenye benchi.

"Moshi wa jenereta una hewa ya sumu ndani yake," alisema. "Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Mtu anaumwa kichwa, anasikia kizunguzungu au kichefuchefu, halafu usingizi. Wengi hawaamki. Jiko la mkaa ndani ya chumba nalo linatoa sumu hiyo hiyo."

"Lakini niliacha dirisha wazi," Ruthu alisema.

"Halitoshi. Hata ukifungua madirisha yote hayatoshi. Jenereta inakaa nje, mbali na milango na madirisha. Ya nyumba yenu na ya jirani pia."

"Na huyo fundi wa juu ya nguzo?" Elisha aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ule waya wenu wa plagi mbili unasukuma umeme ukutani, ukutani unatoka mpaka laini ya mtaa. Ukipita kwenye transfoma unakuwa mkubwa sana. Filipo amepona kwa kuwa huwa anapima kwanza. Na hata wewe nyumbani, plagi moja ikichomoka, vyuma vyake vina umeme. Akishika mtoto, basi tena."

Elisha aliinamisha kichwa. Jioni alipofika nyumbani aliukata ule waya vipande vinne.

Vifaranga sitini na watatu walikuwa wamekufa. Ruthu aliwafukia nyuma ya nyumba. Aliumia, lakini hakulia. Mtu aliyemlilia alikuwa ameshatoka hospitali, yuko ndani, anasimulia jinsi alivyopanda bajaji.

Jumamosi kazi ilianza. Elisha alihesabu hatua kumi kutoka kwenye dirisha la karibu, akasimamisha nguzo nne na bati juu, bila kuta. Jenereta ingekaa hapo, isinyeshewe, na moshi wake ungeelekea upande wa wazi. Rukaya alifunga swichi ya kubadilisha umeme karibu na mita. Swichi hiyo ikiwa upande wa jenereta, laini ya mtaani inakuwa imekatika kabisa.

"Swichi hii inafungwa na fundi aliyesomea," alisema. "Asiye na swichi anatumia ekstensheni nzima, inayobeba mzigo wake, kutoka kwenye jenereta moja kwa moja hadi kwenye balbu. Ukutani hachomeki kitu."

"Na vumbi je?" Ruthu aliuliza. "Hapo ndipo upepo unapopita."

Rukaya alifungua kifuniko pembeni mwa injini, akatoa chujio la hewa. Lilikuwa jekundu kwa vumbi.

"Dawa ya vumbi ni hii, kusafisha. Sisi wa Dodoma tusafishe mara nyingi kuliko wengine. Oili mnapima kila mara kabla ya kuwasha. Petroli mnaongeza injini ikiwa imezimwa na imepoa. Ikiwa ya moto, petroli ikidondoka inawaka."

Bibi Angelina alikuwa amekaa juani, anamenya karanga.

"Mama Uwesu," alisema, "kumbe kosa ni langu. Mimi ndiye niliyesema iingie ndani kama ndama."

"Bibi, ndama hanywi petroli."

Bibi alicheka mpaka ungo ukamtoka mapajani.

Mwezi wa nane umeme ulikatwa tena. Ruthu alipima oili, akawasha jenereta chini ya bati lake, akageuza swichi. Balbu ziliwaka, vifaranga wakaendelea kupiga kelele. Bibi alitoka na mkongojo, akahesabu zile hatua kumi mwenyewe, maana siku hizi hakumwamini mtu. Ndipo akavuta kigoda chake upande wa pili wa uwanja.

Ruthu akaenda hadi getini. Juu ya nguzo alikuwa Filipo, kijana mwenye kofia ya njano, mkanda kiunoni. Ruthu alimtazama akinyanyua kipimo chake.

"Laini haina umeme!" Filipo aliwaambia wenzake chini, akaanza kazi.

Tangu azaliwe Ruthu hajawahi kufurahi namna ile kusikia kwamba hakuna umeme.