Kivuli Kimoja Kando ya Ziwa

"Soma tena hapo mwisho," Roseline alisema.

Javan akaisogeza barua dirishani. Ilitoka Migori kwa mama yake Roseline, mama Filister, ambaye hakujua kuandika. Mwalimu wa jirani ndiye alimshikia kalamu.

"'Nitafika Jumapili na basi la asubuhi. Orpah, jirani yenu hapo, amenieleza habari ya mume wako na mwanamke anaitwa Kezia. Funga nguo zako na za mtoto. Nikiona ni kweli, tunarudi wote.'"

Ilikuwa mwaka wa tatu tangu uhuru. Javan alikuwa karani pale gatini Homa Bay, na chumba walichopewa kilikuwa kimoja tu, bati juu, joto la kupikia uji. Mtoto wao Teresa, miezi minane, alilala uchi sakafuni akihema.

"Kezia ni nani?"

"Mjane anayesuka mikeka kule kwenye mafunjo."

"Na wewe unaenda kwake kila jioni kufanya nini?"

"Utaona Jumapili."

"Niambie leo, Javan."

"Nikisema leo itakuwa maneno tu. Wacha muone kwa macho."

Roseline akaikunja barua. Alimpenda huyu mtu mpaka akajiogopa. Na mama yake hakuwa mtu wa kusema mara mbili.

Sasa mama atapokelewa wapi? Mama mkwe haingii chumba cha mkwewe, wala hali mbele yake, wala hamgusi. Ukivunja hiyo unaita chira, laana ya kuvunja mwiko, na chira huanza na watoto.

"Tumpeleke ziwani," Roseline akasema. "Pale kwenye mkuyu kuna upepo. Nitakaanga samaki wa ngege, nitabeba maji ya kuchemsha, mtoto apate hewa."

"Mkuyu ni mmoja, Rose. Mimi na yeye hatukai kivuli kimoja."

"Wewe utakaa wapi basi?"

"Hiyo niachie."

Jumapili, kabla jua halijapanda, Javan alitangulia. Roseline alipofika na mama na mtoto na kikapu, alimkuta mumewe amesimama hatua hamsini kutoka mkuyuni, anatazama chini. Nguzo zimevunjika. Mikeka ya mafunjo, mipya, imesagwa kwenye tope. Kando yake nyayo kubwa, kila moja sawa na sufuria.

"Kiboko alipita usiku," Javan akasema polepole. "Kibanda changu. Jioni zote zile nilikuwa nasuka na Kezia ili nipate pa kukaa leo."

Roseline alitaka kucheka, alitaka kulia. Akarudi mbio mkuyuni, akamweleza mama.

Mama Filister alimpakata mjukuu bila kugeuza shingo.

"Kibanda kiko wapi?"

"Kimevunjwa, mama. Kiboko."

"Kwa hiyo shahidi wake ni kiboko."

"Mama."

"Wanaume wanajua kusema, nyara, binti yangu. Nguo umefunga?"

"Nimefunga."

"Basi tule. Basi la kurudi ni saa kumi."

Ikawa hivyo. Mama kivulini, Javan juani kwenye jiwe, mgongo amewapa kwa heshima. Roseline alikuwa anatembea katikati na sahani, kichwa kinamuuma.

"Mwambie huyo mtu aende nyumbani," mama akasema, kwa sauti ambayo huyo mtu aliisikia vizuri.

"Javan, mama anasema uende nyumbani."

"Mwambie mama nikienda atasema nimekimbia."

"Mama, anasema..."

"Nimesikia. Mwambie jua halimjui karani."

Saa sita ikapita. Saa nane. Maji ya ziwa yalimeta kama bati. Roseline aliona shati la mumewe limelowa jasho, halafu limekauka kabisa, na hilo la kukauka ndilo lilimtisha. Alimpelekea maji, Javan akanywa kidogo, akaurudisha mkebe.

"Mpe mtoto. Kuna soda nimezifunga kwa kamba majini zipate baridi. Nitazitoa, mama asiondoke na kiu."

"Kaa, nitazitoa mimi."

"Ngege inaungua, Rose."

Kweli ilikuwa inaungua. Roseline akakimbilia mawe ya moto, nyuma ya mkuyu. Alikuwa ameinama pale aliposikia maji yakipiga, pwaa, halafu kimya.

Alipozunguka mti, Teresa alikuwa peke yake kwenye mkeka, analia. Javan yuko majini, uso chini, kamba ya soda imemzunguka mkono. Na mama Filister, mwanamke wa miaka hamsini na tano, alikuwa ameingia mpaka kiunoni. Alimshika mkwewe kwapani kwa mikono yake miwili, akamburuta hadi chini ya mkuyu.

Roseline akamnyanyua mtoto.

Mama akafungua kitambaa chake cha kichwa, akakichovya majini, akamkamulia Javan usoni. Akamgeuza ubavu. Akampiga mgongoni. Maji yakatoka.

"Javan," akaita. Miaka miwili ya ndoa, hakuwahi kulitamka hilo jina. "Javan, fungua macho."

Javan akafungua. Akamwona mama mkwe kichwa wazi, karibu hivyo. Akafumba tena haraka.

"Usifumbe, mjinga wewe. Heshima gani ya kumfanya binti yangu mjane?"

Akafungua jicho moja.

Mama akacheka, kisha akaitazama mikono yake. "Tumevunja mwiko," akamwambia Roseline. "Mtoto asiguswe na chira. Nitamwambia baba yako achinje kondoo, wazee watuombee."

Saa kumi, basi la Migori likanguruma. Roseline alipanda na mtoto mgongoni na furushi la nguo mkononi, hathubutu kuuliza. Mama alikaa, akaweka soda yake pajani, akalitazama furushi.

"Unaenda wapi na hilo?"

"Ulisema nifunge, mama."

"Shuka nalo."

Roseline akashuka. Ng'ambo ya barabara, kwenye kivuli cha duka, Javan alisimama amegeukia ukuta, kofia kichwani.

Mama akatoa kichwa dirishani.

"Mwambie huyo mtu kibanda kingine akijenge mlimani. Viboko hawapandi. Nakuja Krismasi."